Kabla ya Kumlipia Mtoto Masomo ya Karate

(Maneno yaliyosemwa katika kikao cha wazazi na vijana, Eastlands, Nairobi. Tumeyaacha karibu kama yalivyotamkwa.)



Nimepewa dakika ishirini na nitajaribu kutozipita. Jambo hili halikutoka kwangu. Lililetwa na akina mama wa kikundi, na sababu mnaijua. Wasichana wetu wa kidato cha tatu na cha nne wanatoka shule jua likizama. Kutoka stejini hadi nyumbani kuna kile kipande chenye giza. Wengine wamenyang'anywa mikoba, na mmoja alivutwa hadi kichochoroni akaokolewa na kelele zake mwenyewe. Basi akina mama wakauliza: watoto hawa hawawezi kufundishwa kujikinga? Na kama wanaweza, wafundishwe wapi, na kwa pesa ngapi?

Ni swali zuri, lakini lina mitego. Juzi niliona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya stima. Mtu anatangaza karate, judo, kung fu, taekwondo na ndondi, vyote vitano anafundisha yeye mwenyewe, na mkanda mweusi unapatikana kwa miezi sita! Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa maana namba ya simu ilikuwa imechanwa na watu wengi. Wazazi wanaipiga.

Hebu kwanza tujue tunanunua nini. Karate ilitoka visiwa vya Okinawa, na Gichin Funakoshi ndiye aliyeionyesha Tokyo mwaka 1922. Ni ngumi, mateke na kukinga. Hapa kwetu mtakutana sana na ile ya Shotokan na ile ya Goju-ryu. Judo ni kushikana na kuangushana. Ilianzishwa Japani mwaka 1882 na Jigoro Kano, ambaye alikuwa mwalimu kijana. Taekwondo ni ya Korea na hutumia miguu zaidi. Iliingia rasmi katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, na Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Kung fu ni jina la jumla la mitindo mingi ya Kichina, na vijana wengi waliijua kwa kutazama filamu za Bruce Lee katika vyumba vya video. Msisahau ndondi. Kuna kumbi za jamii hapa Eastlands ambazo zimefundisha ndondi kwa miaka mingi kwa pesa kidogo sana, na pale Kariobangi hata wasichana wamefundishwa.

Sasa mzazi huniuliza, ipi ni bora? Mimi humjibu kwamba iliyo bora ni ile yenye mwalimu mwema ambaye mtoto anaweza kumfikia kwa miguu. Mkibishana kama teke ni bora kuliko ngumi, mtapoteza jioni nzima.

Msidanganywe na jumba, ati kuna vioo ukutani na rangi mpya. Huyo Kano niliyemtaja alianza na wanafunzi 9 katika chumba cha mikeka 12 ndani ya hekalu huko Tokyo, na leo judo inachezwa dunia nzima. Lakini sakafu itazameni! Kama wanafundisha judo na kuangushana juu ya simiti tupu, mchukue mtoto mrudi nyumbani siku hiyo hiyo. Judo inataka mikeka maalum au magodoro magumu yaliyopangwa bila nafasi katikati, na somo la kwanza ni kujifunza kuanguka bila kuumia. Mwalimu anayeanza na kumrusha mtoto kabla hajamfundisha kuanguka hajui kazi yake. Karate inaweza kufanywa juu ya mbao au hata kwenye nyasi uwanjani, mradi hakuna chupa na misumari. Wakianza kupigana wawili wawili, tafuta kinga ya meno, na wavulana wawe na kinga ya sehemu za siri. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo. Mtoto akigongwa kichwa na kuona kizunguzungu apumzishwe na apelekwe kwa daktari, asiambiwe, "Wewe ni mwanamume, endelea." Na wewe mzazi, kama mtoto ana pumu au kifafa, mwambie mwalimu mapema. Usifiche kwa aibu.

Njoo kwa vyeti. Kila mwalimu ana vyeti ukutani, na karatasi inachapishwa hata River Road. Muulize tu kwa heshima: "Mwalimu, wewe ulifundishwa na nani, na kwa miaka mingapi?" Mwalimu wa kweli hupenda swali hilo, atakueleza mpaka uchoke. Yule anayekasirika ameshakujibu. Kisha uliza klabu yake iko chini ya chama gani. Kwa sheria yetu ya michezo ya mwaka 2013, vyama na klabu za michezo husajiliwa na Msajili wa Michezo, kwa hiyo omba kuona cheti cha usajili. Kwa taekwondo kuna njia nyingine: vyeti vya mkanda mweusi vinavyotambulika kimataifa hutolewa na Kukkiwon huko Seoul, na vina namba inayoweza kuchunguzwa. Mpe kijana wako simu akuangalilie.

Kuhusu mikanda, nisemeni wazi. Mkanda mweusi ulianza kuvaliwa katika judo miaka ya 1880. Zile rangi nyingi za katikati zilikuja baadaye sana. Zinasaidia kumpa mtoto moyo. Lakini mahali pengine zimekuwa biashara: kila miezi miwili mtihani, kila mtihani pesa, na hakuna anayeshindwa. Katika karate, mtu anayefanya mazoezi bila kukosa huchukua kama miaka mitatu hadi mitano, au zaidi, kufikia mkanda mweusi. Katika taekwondo ya Kukkiwon, mtoto wa chini ya miaka 15 hapewi hata huo wa watu wazima. Hupewa wa watoto unaoitwa poom, nusu mwekundu nusu mweusi. Basi ukiambiwa miezi sita, wewe jua unauziwa kitambaa.

Na hapo ndipo tunafika kwa pesa, maana naona baba mmoja ameanza kuangalia saa.

Tuseme, kwa mfano tu, umeambiwa ada ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Unasema, nitaweza. Kwa mwaka ni 12,000. Lakini kuna kujiandikisha, tuseme 1,000. Kuna nguo nyeupe na mkanda, tuseme 3,500. Mitihani mitatu kwa mwaka, kila mmoja 1,500, ni 4,500. Nauli ya shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, mara mbili kwa wiki, kwa wiki hamsini ni 10,000. Jumlisha: 31,000! Ile ya elfu moja kwa mwezi imekuwa zaidi ya 2,500. Sisemi ni ghali kupita kiasi. Mwalimu naye ana kodi ya nyumba na watoto. Nasema mjue yote siku ya kwanza. Mwambie akuandikie kwenye karatasi: ada, nguo, mitihani, mashindano, na kama mtoto akiugua mwezi mzima unalipa au hulipi. Mtu akikutaka ulipe mwaka mzima mbele, ati atakupunguzia, kataa kwa upole. Lipa mwezi kwa mwezi na uchukue risiti, au ulipe kwa simu ili ujumbe ubaki.

Angalieni ile nauli. Ni karibu theluthi ya pesa zote. Ndiyo maana nasema tafuteni karibu kwanza: kumbi za jamii za kaunti, shule za msingi zinazoacha madarasa wazi Jumamosi, ukumbi wa kanisa, YMCA pale Shauri Moyo kwa wanaokaa upande huo. Tena wazazi kumi wakienda pamoja kwa mwalimu mmoja wana nguvu ya kuzungumza bei. Mwalimu anaweza hata kuja kwetu hapa, tukampa ukumbi, naye akapunguza ada. Nguo pia si lazima siku ya kwanza. Suruali ya mazoezi na fulana zinatosha kwa mwezi mzima, mpaka mjue kama mtoto ataendelea. Wengi huacha kabla ya mwezi wa tatu, jameni, na ile suti inabaki kuwa nguo ya kulalia.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa maana hili ni zito kuliko pesa.

Mafundisho haya yana kushikana mwili, na mwalimu ana amri juu ya mtoto. Mtoto amefundishwa kuinama na kusema "ndiyo". Mtu mwovu hupenda mahali pa namna hiyo. Kwa hiyo: mzazi aruhusiwe kuketi na kutazama siku yoyote, bila kuaga. Mlango usifungwe. Pasiwe na somo la mtoto mmoja na mwalimu peke yao. Wasichana wakifundishwa, awepo mwanamke, hata kama ni mwanafunzi mkubwa. Wabadilishe nguo mahali pao. Ujumbe wa simu uende kwa mzazi, si kwa msichana saa nne usiku. Mwombe mwalimu cheti cha maadili mema cha polisi, ingawa cheti hicho huonyesha tu yale yaliyofika polisi, kwa hiyo kisikufanye ulale. Na mtoto akisema, "Mama, sitaki kurudi kule," usimchape eti umelipa ada. Mketishe umuulize. Kukiwa na jambo, piga 116, ni simu ya watoto ya bure, halafu nendeni polisi mkiwa na mtu mzima wa kuwasindikiza.

Kuna hatari nyingine ambayo hasa ni ya wavulana. Msimu wa kampeni ukifika, wanasiasa hutafuta vijana wenye nguvu. Nimewahi kuona klabu moja, sitaitaja, iliyoanza vizuri na watoto thelathini; baada ya mwaka mmoja wale wakubwa walikuwa wanakodishwa kulinda mikutano, kisha kuvunja mikutano ya wengine. Waulize majirani wa ukumbi, waulize akina mama wanaouza mboga hapo nje: vijana hawa wakitoka hapa huenda wapi? Hao mama wanajua kila kitu.

Wengine mmeniuliza kama kuinama kule si kuabudu. Kule kuinama ni salamu tu kwa Wajapani na Wakorea. Mtoto wa Kimaasai humwinamishia mzee kichwa aguswe, na hakuna anayesema amemwabudu. Mkiona picha ya mwanzilishi ukutani na mtoto wako anasumbuka moyoni, zungumzeni na mwalimu, amruhusu asimame tu kwa heshima. Mwalimu mzuri hatakataa.

Mwisho, turudi kwa wale wasichana wa stejini. Karate ni kazi ya miaka, na giza la stejini ni la leo jioni. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuna mafunzo mafupi ya kujikinga yaliyofanywa katika mitaa duni ya Nairobi, masomo sita ya saa mbili mbili, ambapo msichana hufundishwa kwanza kusema hapana kwa sauti kubwa, kupiga kelele, kukimbia, kisha kupiga macho, koo na sehemu za siri kama hakuna njia nyingine. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics uliwafuata wasichana waliopitia mafunzo ya namna hiyo, na zaidi ya nusu walisema walitumia walichofundishwa kuzuia shambulio katika mwaka uliofuata. Hata kule Korogocho, akina nyanya wenye mvi wamejifunza. Kwa wasichana wetu ningeanza na hayo, halafu anayependa aendelee na karate au judo. Na taa pale stejini bado tunaidai kwa kaunti. Karate haiwaondolei wajibu huo.

Pendekezo langu ni hili. Wazazi watatu, mmoja wao awe mama, watembelee kumbi za karibu Jumamosi mbili zijazo. Waketi somo zima, wasiondoke katikati. Watazame mwalimu anavyomtendea yule mtoto dhaifu kuliko wote, maana mtoto hodari hupendwa na kila mtu. Waandike bei zote, kisha watuletee kikao kijacho ndipo mtu atoe pesa.

Yule mama wa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja nauli. Mama, karibu, uliza.