Roka, Valvu na Springi: Nguvu ya Motokaa Haiongezwi kwa Pupa

(Maneno ya mazungumzo kwa mafundi na wenye motokaa wa Thika na Ruiru)

Katika Thika na Ruiru ni kazi chache zinazowavuta vijana kama kazi ya motokaa. Tangu asubuhi husikika nyundo na spana kando ya barabara, na kila penye fundi mmoja hapakosi vijana watatu wanaotazama na kujifunza. Tena mji wa Thika una sifa yake katika jambo hili. Mwaka 1974 ilianzishwa hapo kampuni ya Leyland Kenya, ambayo baadaye iliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na katika kiwanda chake ziliunganishwa Land Rover pamoja na magari mengine. Basi si ajabu kwamba kijana wa huko, akisha kujua kufungua injini na kuifunga, hutamani kuiongezea nguvu.

Kutamani huko si kosa. Lakini wako watu wanaonunua roka mpya na springi ngumu kwa fedha nyingi, wakazifunga jioni moja, na kabla ya mwezi kwisha injini ikavunjika. Mwenye motokaa hupoteza mali yake, na fundi hupoteza jina lake, ambalo ni gumu kulipata tena kuliko mali. Kwa sababu hiyo yafaa kueleza jinsi vyombo hivi vifanyavyo kazi, na hesabu inayotakiwa kabla ya kuvibadili.

Injini hupumua kama kiumbe. Valvu moja hufunguka ili hewa na petroli viingie katika silinda, na nyingine hufunguka ili moshi utoke. Katika injini nyingi za zamani, kama zile za Land Rover, Peugeot 404, Datsun 1200 na Toyota za namna ya 4K, kamshafti hukaa chini, ubavuni mwa silinda. Nundu ya kamshafti huinua tapeti, tapeti huinua fimbo ya kusukumia, na fimbo husukuma ncha moja ya roka. Roka hupinduka juu ya mhimili wake kama mbao ya watoto ya kubembea, na ncha yake ya pili huishusha valvu na kuifungua. Halafu springi huirudisha valvu mahali pake. Kamshafti huzunguka mara moja wakati krankshafti inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 3,000, yaani mara 50 katika sekunde moja.

Siri ya roka imo katika urefu wa mikono yake miwili. Mkono wa upande wa valvu ukiwa mrefu mara moja na nusu kuliko mkono wa upande wa fimbo, nundu iinuayo milimita 6 itaifungua valvu milimita 9, bila kuhesabu nafasi ya tapeti. Fundi akiiondoa roka hiyo na kutia nyingine ya kipimo cha 1.6, nundu ile ile itaifungua valvu milimita 9.6. Hewa zaidi itapita, na kamshafti haikuguswa. Hii ndiyo sababu wapenda mbio wengi huanza na roka.

Watu wa Thika na Ruiru wanayo sababu ya kutaka hewa zaidi. Nchi yao iko yapata futi 5,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini iliyovuta hewa ya kutosha Mombasa, ikipandishwa Thika hupungukiwa karibu sehemu moja katika sita. Tena kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli nyingi kupita kiasi huku bara, motokaa ikatoa moshi mweusi na kuwa nzito. Mara nyingi mtu hudhani kuwa injini yake yataka roka mpya, kumbe yataka kabureta irekebishwe tu.

Sasa na itazamwe hasara. Roka ya kipimo kikubwa huifungua valvu zaidi kwa muda ule ule, na kwa hiyo lazima valvu iende kwa kasi zaidi. Mwendo wa injini nao una hesabu yake. Ukitoka mizunguko 5,000 ukafika 6,000, umeongeza sehemu moja katika tano tu. Lakini nguvu inayotakiwa ili kuizuia valvu isiruke huongezeka kwa asilimia 44. Springi dhaifu ikishindwa, valvu huelea, yaani hubaki wazi wakati ambapo ingekuwa imekwisha kufunga. Hapo pistoni hupanda na kuipiga kichwa. Valvu hupindika au hukatika, pistoni hutoboka, na safari huishia hapo.

Wengine hujibu kuwa dawa ni kutia springi ngumu sana. Hiyo nayo ina gharama yake. Springi ikisukuma kwa uzito wa kilo 100 juu ya valvu, roka ya 1.5 huuongeza uzito huo kuwa 150 juu ya fimbo na kamshafti, na roka ya 1.6 huufanya kuwa 160. Fimbo nyembamba hupinda, na nundu ya kamshafti na uso wa tapeti hulika upesi. Inafaa springi iwe ngumu kadiri ya haja, isizidi.

Kwa hiyo fundi mwangalifu hupima kabla ya kufunga. Kwanza, hutazama kama springi, valvu ikiwa wazi kabisa, bado ina nafasi kabla ya mizunguko yake kugusana. Mafundi wengi hutaka jumla ya milimita moja na nusu. Pili, hutazama kama kikombe kishikacho springi hakigongi mwongozo wa valvu. Tatu, huweka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, akafunga kichwa cha injini pamoja na gasketi, akarekebisha tapeti, kisha akaizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Akifungua, huukata udongo pale ulipobonyea na kuupima unene. Kwa kawaida hutakiwa milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na milimita 2 na nusu kwa valvu ya kutoa moshi. Nne, hutazama kama ncha ya roka hukanyaga katikati ya shina la valvu inapofika nusu ya kufunguka. Ikikanyaga ukingoni, shina husukumwa upande na mwongozo wake huliwa.

Tena si kila injini iliyochoka inahitaji vyombo vipya vya mbio. Uso wa roka ya zamani ukilika huwa na kijishimo. Fundi akipitisha kipimo chembamba cha bapa, kipimo hicho hulala juu ya kijishimo kama daraja, na nafasi iliyopo kwa kweli huwa kubwa kuliko ile aliyoisoma. Ndiyo maana injini hupiga kelele ingawa tapeti zimerekebishwa. Kadhalika oili chafu huziba tundu linalopeleka mafuta kwenye mhimili wa roka, nao ukakauka na kulika. Kusafisha njia ya mafuta, kubadili oili kwa wakati wake na kusawazisha nyuso za roka hurudisha nguvu nyingi kwa fedha kidogo.

Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yanatoa ushahidi mzuri. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84, na 7 tu ndizo zilizomaliza. Iliyoshinda ilikuwa Peugeot 404, motokaa ya fimbo na roka. Motokaa ya namna hiyo hiyo ilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1965 Joginder Singh, mwenyeji wa Kenya aliyekuwa fundi kabla ya kuwa na sifa, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, nayo injini yake ilikuwa ya fimbo na roka vile vile. Wengi wenye injini kali waliachwa njiani katika tope na vumbi. Aliyeshinda ni yule ambaye vyombo vyake vilikubaliana, kila kimoja kikiweza kustahimili kazi ya mwenziwe.

Basi mwenye motokaa ajiulize kwanza kazi yake ni ipi. Roka ya kipimo kikubwa huleta faida yake hasa pale injini inapozunguka kwa kasi sana. Motokaa ya kuchukua abiria kati ya Thika, Juja na Ruiru, inayosimama na kuondoka kila mara, hufanya kazi nyingi katika mwendo wa chini, na haitapata faida ya kulipia gharama. Tena mwendo ukiongezwa, breki na tairi nazo hudaiwa zaidi, na walio ndani ya motokaa ni watu wenye watoto wanaowangoja nyumbani. Anayetaka mbio na azitafute katika mashindano yenye kanuni, si katika barabara kuu.

Naye kijana anayejifunza ufundi asione haya kumwambia mwenye motokaa, "Kazi hii sitaifunga mpaka niipime." Mwenye motokaa huenda akanung'unika kwa siku mbili. Lakini siku hizo mbili ni nafuu kuliko injini mpya, na wahenga walisema kweli kwamba mwenda pole hajikwai.