Nani atajibu kwa jina letu?



Najua wengine wanajiuliza: tuko na shida ya maji, ya barabara, ya umeme, juu ya nini tupoteze saa kuzungumzia watu wa nyota zingine? Ulizo ni la haki. Mnisikilize kidogo.

Kule Afrika Kusini, kwenye nyika ya Karoo, iko mitambo inayoitwa MeerKAT, antene 64. Kati ya kazi zake, wataalamu wanatafuta ishara za redio kutoka kwa viumbe wenye akili, kama wako. Mpaka leo hawajathibitisha hata moja. Kusikiliza peke yake hakutuletei hatari kubwa: anayetangaza kwenye redio hamjui anayemsikiliza nyumbani.

Hatari iko mahali pawili.

Ya kwanza ni kufungua. Richard Carrigan, mwanafizikia wa Marekani, alionya kwamba ishara ya namna hiyo inaweza kubeba programu ya kuharibu kompyuta zetu. Ninyi hiyo mnaijua: linki inafika kwenye WhatsApp, inaahidi mega za bure, unabonyeza, na telefone inakuwa ya mwingine.

Ya pili ni kujibu. Tarehe 16 Novemba 1974, kutoka Arecibo, Puerto Rico, wataalamu walituma ujumbe kwenye kundi la nyota lililo mbali sana. Ndani yake waliweka umbo la mtu na alama ya kuonyesha dunia yetu. Martin Ryle, mtaalamu mkubwa wa nyota wa Uingereza, alipinga: hatujui nani atausoma. Na raia gani aliulizwa? Hakuna. Mwaka 1989 wataalamu waliandika kanuni: mtu asijibu kabla mataifa hayajashauriana. Lakini kanuni hiyo si sheria. Mwenye kuivunja hapelekwi popote.

Sisi wa Maniema tunajua bei ya mapatano ya watu wawili. Mwaka 1876, hapa kwetu, Stanley na Tippu Tip walipatana: mmoja alipe, mwingine amsindikize kushuka Lualaba. Wenyeji wa kando ya mto hawakuulizwa. Miaka 9 baadaye, 1885, kwenye karatasi, inchi yote ilikuwa mikononi mwa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Na hao walikuwa binadamu kama sisi, hawakutoka kwenye nyota.

Sisemi antene zizimwe. Nasema hivi: kusikiliza kuendelee, kitakachosikika kipimwe vizuri kabla ya kufunguliwa, kitangazwe kwa wote, na asijibu mtu kabla raia hawajaulizwa, wa Kongo nao wakiwemo.

Ni ulizo lile lile tunalouliza juu ya mkataba wa mgodi: nani anasaini, na nani alimtuma? Tuzoee kuliuliza kabla kalamu haijagusa karatasi.