Gharama ya Kulalamika



Februari 2023 BBC ilirusha filamu ya uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, Kenya. Wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay walieleza walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mwandishi mmoja aliingia humo akijifanya mtafuta kazi. Siku ya kuwakaribisha wafanyakazi wapya, meneja wa Unilever aliwahutubia kwamba kampuni haivumilii kabisa unyanyasaji wa kingono. Jioni, meneja huyo huyo akamwita mwandishi kwenye baa ya hoteli na kumshinikiza waondoke wote kwenda kwake.

Tukio hilo linatunyang'anya udhuru tunaoupenda, kwamba bado tunaandaa sera. Kericho sera ilikuwepo, na meneja aliijua vizuri kiasi cha kuisomesha. Sheria nayo ilikuwepo: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa tamko la sera kuhusu jambo hili. Kilichokosekana ni mahali ambapo mchuma chai angesema yaliyomkuta bila kibarua chake kuota nyasi.

Ndiyo maana leo sianzi na swali la kama mlalamikaji anasema kweli. Swali hilo lina wakati wake. Nauliza kwanza: ukweli unapotafutwa, nani analipa gharama?

Katika ofisi zetu jibu linajulikana. Katibu muhtasi anakwenda kwa ofisa utumishi. Anaulizwa alivaa nini na alifuata nini ofisini kwa bosi baada ya saa za kazi. Wiki chache baadaye anapokea barua ya uhamisho, imeandikwa kwa huruma nyingi, kwamba anapelekwa tawi jingine kwa usalama wake. Bosi habanduki kitini. Wenzake wote wamesoma barua ile hata kama hawakuiona, na yeyote aliyekuwa na lake la kusema ameshalimeza.

Njia nyingine ni kuwaita wawili hao wayamalize kindugu. Nauheshimu usuluhishi, umeokoa ndoa na mipaka ya mashamba mingi kuliko mahakama. Lakini usuluhishi unataka watu wanaoweza kukataana. Anayesaini mkataba wa ajira wa mwenzake hapatani naye, anamsamehesha.

Tanzania tuliligusa swali hili la nani analipa gharama kwa ukali mwaka 2024. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Muswada wa marekebisho ukaja na pendekezo la kumtia hatiani pia aliye upande wa pili. Wanaharakati walipinga, na pendekezo likaondolewa. Walikuwa sahihi. Aliyeombwa rushwa ya ngono mara nyingi ndiye shahidi pekee. Ukimtishia jela, mwenye cheo hahitaji tena kumtishia.

Najua mtu ukumbini anasema moyoni: wapo wanaosingizia. Wapo. Wapo pia wanaosingizia wenzao wizi wa fedha za ofisi, na bado hakuna taasisi iliyofunga kitengo cha ukaguzi. Mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa maandishi, apewe nafasi ya kujibu, na jina lake lisitembezwe kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini kumpisha kazini kwa malipo wakati wa uchunguzi si hukumu. Kama lazima mmoja aondoke kwenye korido hiyo, aondoke mwenye madaraka.

Sheria ya India ya 2013 inadai kila sehemu ya kazi yenye watu 10 au zaidi iwe na kamati inayoongozwa na mwanamke, yenye mjumbe kutoka nje ya taasisi, na imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Sidai India wamemaliza tatizo. Nampenda tu yule mjumbe wa nje: hasubiri kupandishwa cheo na mtu anayemchunguza.

Linabaki la sisi tunaoambiwa kwa siri. Mwenzako wa dawati la pili akikueleza na kukuomba usimwambie mtu, tunza siri yake, msaidie kuandika tarehe na kuhifadhi ujumbe, umsindikize siku atakayokuwa tayari. Mkuu wa idara hana uhuru huo. Akisikia, taasisi imesikia. Basi amwambie mapema anayemjia, kabla hajaanza kusimulia, kwamba hatoweza kunyamaza. Kumwacha amalize ndipo umwambie ni kumtega.

Naliomba Baraza la Chuo hiki liamue mambo mawili katika kikao chake kijacho: kamati ya malalamiko iwe na wajumbe wasioajiriwa hapa, na pasiwe na mlalamikaji atakayehamishwa ila kwa ombi lake mwenyewe la maandishi.