Chati za Hisa Zisigeuke Ramli

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa)



Leo tunajibu swali lililoletwa na baadhi ya vikundi: je, tutoe fedha za mfuko kulipia semina inayofundisha kutabiri bei za hisa kwa chati na hesabu za siri?

Hesabu hizi si ngeni. Huko Marekani, William D. Gann (1878–1955) alichora pembe na duara, akafuatilia mwendo wa sayari, na hata akadai kuwa Biblia ina mizunguko ya nyakati inayomsaidia mtu kujua bei. Ralph Nelson Elliott, aliyekuwa mhasibu, alifundisha mwaka 1938 kuwa bei huenda kwa mawimbi, 5 ya kupanda na 3 ya kushuka. Mfuasi wake mashuhuri, Robert Prechter, alitoa kitabu mwaka 1995 akionya kuwa anguko kubwa la soko limekaribia. Kipimo cha Dow Jones, ambacho mwaka huo kilifika kidogo tu juu ya 5,000, kilivuka 11,000 mwaka 1999. Aliyeuza hisa zake kwa hofu alikosa faida hiyo yote.

Kasoro ni kwamba utabiri huu haushindwi kamwe. Ukikosea, unaambiwa ulihesabu mawimbi vibaya. Hivyo ndivyo asemavyo mpiga ramli: ukipona, dawa imefanya kazi, usipopona, ulivunja miiko.

Mbona wapo wanaoshuhudia kufanikiwa? Tuchukue watu 1,024 wanaobahatisha kama bei itapanda au itashuka. Baada ya mara 5, kwa bahati tu, watu 32 hivi watakuwa wamepatia zote. Hao ndio husimamishwa kutoa ushuhuda, waliobaki hawaitwi. Tujiulize pia: anayeijua bei ya kesho ana haja gani ya kiingilio chetu?

Hatupingi hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na hisa ni sehemu halali ya umiliki wa kampuni. Thamani yake hutokana na kazi ya kampuni, faida na gawio. Kwa hiyo tunashauri:

1. Tusome taarifa za mwaka za kampuni kabla ya kununua.
2. Tumtumie dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.
3. Tuwekeze fedha ambazo hatutazihitaji karibuni. Hata kampuni nzuri hushuka bei.
4. Mfuko wa mikopo usiguswe.

Ndugu zetu, ndani ya sanduku la kikundi mna ada ya mtoto wa mjane na mbegu za msimu ujao. Maandiko yanatukataza kupiga ramli. Tusiikubali kwa sababu tu imechorwa kwenye karatasi ya mistari.