Joto Chini ya Bati

Leo nazungumza na wewe unayelala chini ya bati, hasa huko pwani na Garissa, ambako Februari na Machi joto hutunyima usingizi.

Umesikia ushauri kwamba mchana ufunge madirisha, na usiku ufungue. Unafaa nyumba ya mawe au ya udongo, maana kuta nene huchelewa kupata moto. Lakini bati tupu lisilo na dari huwaka upesi, na ifikapo saa sita ndani huwa moto kuliko nje. Nyumba kama hiyo ifungue, kisha wewe na watoto mhamie kivulini, chini ya mwembe au mwarobaini.

Ukiweza, weka kitu kati ya bati na kichwa chako. Dari ya mbao nyembamba au hata ya mikeka husaidia, mradi uache nafasi hewa ipite juu yake. Bati lililopakwa rangi nyeupe nalo hurudisha jua. Jiko la makaa litoe nje. Linaongeza joto, na hewa yake ya sumu haina harufu. Leso mbichi iliyotundikwa dirishani hupoza vyema Garissa kwenye hewa kavu. Mombasa, kwa unyevu ule, usiitegemee sana.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi. Akina mama wengi hulalamika kwamba neti inazuia upepo, wakaiondoa. Tafadhali usiiondoe! Malaria haingoji joto lipungue. Mvue mtoto nguo, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha mlaze ndani ya neti. Aliye chini ya miezi sita usimpe maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na maji uyanywe wewe mama.

Na nyanya je? Mzee mara nyingi hasikii kiu, kwa hivyo mpelekee maji kabla hajaomba. Ukimkuta mwili unawaka na anasema maneno yasiyoeleweka, hiyo si homa ya kawaida, na vidonge vya homa havitaishusha. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku mwenzako akitafuta gari la kwenda hospitali. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, atapaliwa.