Kabla ya Basi la Umeme, Tuulize Litachajiwa Wapi
Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi na wahudumu wa matatu



Nimeombwa nizungumze kuhusu mabasi ya umeme. Swali tunaloulizwa sana ofisini ni hili: yatafika lini huku kwetu? Ni swali zuri, lakini leo nawaomba tutangulize mengine. Yatachajiwa wapi? Saa ngapi? Na betri ikichoka, nani atailipia? Nasema hivyo kwa sababu upo mji uliokwisha kupita njia hiyo, na tukiangalia ulivyoipita tutaona kwamba basi lenyewe halikuwa sehemu ngumu.

Mji huo ni Shenzhen, kusini mwa China, unaopakana na Hong Kong. Ulianza majaribio ya mabasi ya umeme mwaka 2009. Kufikia mwisho wa mwaka 2017, mabasi yake yote ya umma, jumla 16,359, yalikuwa ya umeme. Hakuna mji mwingine mkubwa duniani uliokuwa umefanya hivyo. Moshi mweusi wa dizeli ulitoweka vituoni, na ngurumo nazo zikaisha, hata baadhi ya wakazi wakaomba mabasi yatiwe sauti kidogo ili anayevuka barabara ayasikie yakija. Kwa matatu zetu sidhani shida hiyo itakuwapo. Muziki upo.

Wengi wakisikia idadi hiyo husema, wale wana viwanda. Kweli, kampuni ya BYD inayounda mabasi hayo ina makao yake makuu Shenzhen, na hilo lilisaidia. Lakini kiwanda hakilipi deni la basi. Bei ya basi la umeme ilikuwa juu sana kuliko ya basi la dizeli, na ruzuku ya serikali kuu pamoja na ya mji ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya gharama. Kisha kampuni kubwa ya mabasi ya mji, Shenzhen Bus Group, haikununua magari kwa fedha taslimu. Iliyakodi kwa miaka 8, na mtengenezaji akatoa dhamana ya betri kwa muda huo wote. Hapo naomba mmiliki wa matatu anisikilize vizuri. Betri ndiyo kipuri ghali kuliko vyote katika gari la umeme. Kule, betri ikifa mapema, hasara haikuwa ya kampuni ya mabasi.

Sasa tuje kwenye chaji. Basi la Shenzhen lilikuwa na uwezo wa kwenda takriban kilomita 250 likijazwa mara moja, jambo lililotosha kazi ya siku nzima kwenye njia nyingi. Likirudi usiku linachomekwa, wakati umeme ni wa bei nafuu na watu wamelala. Inaonekana rahisi, lakini hapo ndipo walipohangaika. Basi la dizeli hujazwa kwa dakika chache, likaondoka na kuachia lingine nafasi. La umeme hukaa pale kwa saa kadhaa, na linahitaji ardhi ya kukaa. Shenzhen ilikuwa na uhaba wa ardhi, ikabidi kampuni za kuchaji zijenge vituo, kisha kampuni za mabasi zinunue huduma kwao.

Tufanye hesabu ya kwetu. Chukua SACCO yenye mabasi 40, kila moja likichajiwa kwa kilowati 60. Yakichomekwa yote kwa pamoja ni kilowati 2,400. Transfoma ya mtaani inayowasha taa, televisheni na pasi haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo kabla hata basi moja halijaagizwa, lazima kuwe na mazungumzo na Kenya Power kuhusu laini na transfoma, na mazungumzo hayo yana gharama zake. Mkiona picha ya gavana yeyote, popote, akikata utepe mbele ya basi jipya, mwulizeni pia picha ya transfoma.

Upande wa bei ya umeme, Kenya tumepiga hatua. Tangu Aprili 2023, EPRA iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya umeme ni ya chini, kabla ya kodi na tozo. Basi kubwa la mita 12 hula takriban uniti moja hadi moja na nusu kwa kilomita. Likienda kilomita 200 kwa siku, limekula uniti 200 hadi 300. Likichajiwa kwa bei ya chini, ni shilingi 1,600 hadi 2,400 kabla ya kodi na tozo hizo. Likichajiwa mchana kwa bei ya juu, ni mara mbili. Basi la ukubwa huo la dizeli hunywa kama lita 60 hadi 80 kwa mwendo huohuo. Zidisheni wenyewe kwa bei ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi. Mtaona kwa nini watu wanavutiwa, na pia mtaona kwa nini saa ya kuchaji inaweza kuamua kama nauli itashuka au itabaki palepale.

Kuna jambo ambalo hapa kwetu ni bora kuliko Shenzhen, nalo halisemwi vya kutosha. Umeme wa China kwa sehemu kubwa hutokana na makaa ya mawe, kwa hivyo moshi uliotoka kwenye bomba la basi ulipungua mjini, lakini mwingine ulitoka kwenye mitambo ya umeme. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, na upepo wa Turkana. Basi likichajiwa Kenya, usafi wake huanzia mbali.

Lakini tofauti kubwa ni ya muundo. Shenzhen ilikuwa na kampuni kubwa tatu za mabasi, na serikali ya mji ikakaa nazo mezani. Sisi tuna SACCO, na ndani ya SACCO kuna mwalimu mstaafu mwenye gari moja, mjane mwenye nusu ya gari, na kijana anayelipa mkopo wa benki. Huwezi kumwambia mtu huyo akodi basi kwa miaka 8 bila kumwonyesha atakula nini mwezi wa kwanza.

Dakar, Senegal, walikuwa na wamiliki wadogo kama wetu. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wamiliki walijiunga katika vikundi, magari makuukuu yakaondolewa barabarani, na wao wakapata mkopo wa mabasi madogo mapya, ya dizeli. Mpangilio ndio uliotangulia. Mabasi makubwa ya umeme, zaidi ya 100, yalianza kazi mwaka 2024 kwenye njia yake maalumu ya karibu kilomita 18, kutoka katikati ya mji hadi Guédiawaye. Kati ya hatua hizo mbili ilipita karibu miaka 20.

Hapa Kenya, tangu mwaka 2022 kampuni ya BasiGo imekuwa ikiwapa wahudumu wa Nairobi mabasi kwa utaratibu ambapo bei ya gari imetenganishwa na ya betri, na mwenye gari hulipia betri na chaji kwa kila kilomita. Si lazima iwe kampuni hiyo wala utaratibu huo. Ila someni mkataba hadi ukurasa wa mwisho: gari likikaa gereji wiki mbili, malipo yanaendelea?

Mafundi wetu wa dizeli nao wasisahauliwe. Gari la umeme halina oili ya injini, halina nozeli, halina plagi. Kazi ya breki, springi, magurudumu na bodi inabaki, lakini kugusa betri yenye volti mia kadhaa bila mafunzo ni kifo. Kama vyuo vya ufundi vya kaunti havitaanza kufundisha jambo hili mapema, fundi wa Jua Kali atabaki akitazama gari lisilomhitaji.

Mwisho, tujue nani anahusika na nini, ili msitupwe kutoka ofisi hii hadi ile. Leseni za matatu ziko kwa NTSA. Bei ya umeme iko kwa EPRA. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Kwa hiyo ardhi ya steji, na iwapo kona ya steji hiyo itatengwa kwa vituo vya kuchaji au itauzwa kwa maduka, ni swali letu. Hilo muulizeni mwakilishi wadi wenu bajeti inapojadiliwa, na mliulize kwa maandishi. Mkiwasilisha maoni ya maandishi, ombeni yapigwe muhuri.

Naona mikono ya watu wa steji imeinuka tayari. Karibuni, tuanze na mama aliye pale nyuma.