Kuunda Kompyuta ya Mezani kwa Mara ya Kwanza: Mazungumzo kwa Walaji wa Mzinga, Morogoro



Tunataka kuzungumza juu ya jambo linalowavutia vijana wengi, hasa wanaosoma Sokoine na Mzumbe: kununua vipuri kimoja kimoja na kuunda kompyuta ya mezani badala ya kuinunua ikiwa kamili. Kazi hii haihitaji shahada. Lakini fedha inayotumika mara nyingi ni akiba ya nyumba nzima, na ikishapotea hairudi kwa urahisi.

Anayeunda mwenyewe huchagua kila kipuri, na kimoja kikiharibika hubadilisha hicho tu. Kwa upande mwingine, hapati dhamana moja ya kompyuta nzima. Kila kipuri kina dhamana yake, na muuzaji wa hiki aweza kumtupia lawama muuzaji wa kile. Kwa mtu wa kuandika barua na kutunza hesabu, kompyuta nzuri iliyokwishatumika yaweza kutosha. Ajue tu kwamba nyingi za kompyuta za ofisini zina pawasaplai ya umbo la kampuni yake, isiyobadilishika kwa ile ya kawaida.

Jambo la kwanza ni vipuri kuoana. Prosesa na mazabodi lazima viwe vya soketi moja. Mazabodi ya AMD yenye soketi ya AM4 hupokea RAM ya DDR4, na ya AM5 hupokea DDR5; moja haiingii mahali pa nyingine. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia kwa herufi F hazitoi picha bila kadi ya picha, nayo ni gharama nyingine. Kumbukeni pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za zamani. Kipuri cha bei ya kutupa chaweza kuwa kimetupwa kwa sababu hiyo. Asiye na fedha ya leseni aweza kutumia Linux, ambayo hupatikana bure.

Jambo la pili ni umeme. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Baadhi ya pawasaplai huwa na swichi nyekundu nyuma, yenye 115 upande mmja na 230 upande wa pili. Ikiachwa kwenye 115, itaungua mara tu inapowashwa, na yaweza kuharibu vipuri vingine. Itazameni kabla ya kuchomeka. Msibane matumizi kwenye pawasaplai, kwa kuwa ndiyo inayolisha vipuri vyote. Tumieni soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi, na wakati wa radi chomoeni plagi.

Jambo la tatu ni ununuzi. Tangu Juni 2024 treni ya SGR imeifanya safari ya Kariakoo kuwa nyepesi, lakini kurudisha kipuri kibovu bado ni nauli na siku ya kazi. Kwa hiyo ombeni kipuri kijaribiwe mbele yenu kabla ya kulipa. Daini risiti ya EFD, na muuzaji aandike kando namba ya kipuri na muda wa dhamana. Jihadharini na diski zinazodai ukubwa ambao hazina: kompyuta husoma namba kubwa, kumbe mafaili yakizidi ukubwa halisi huharibika. Ijazeni mafaili na kuyafungua yote wakati dhamana ingali hai.

Siku ya kuunda, chagueni meza kavu isiyo na zulia. Plagi ikiwa imechomolewa, gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kipuri, ili umeme tuli uondoke mwilini. Prosesa hukaa yenyewe pale alama ya pembeni inapolingana na ya soketi. Ikihitaji nguvu, imewekwa vibaya. Paka pasta ya kupozea kiasi cha punje ya njegere, kisha funga feni na kuchomeka waya wake. Washeni mara ya kwanza mkiwa na prosesa, feni, RAM moja na diski tu, na kadi ya picha ikihitajika. Hapo hitilafu ikitokea, mtajua pa kuitafuta.

Mwisho ni haki zenu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha na kumhadaa mlaji. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyochapwa kwenye risiti hayahalalishi kuuza kilichotumika kwa jina la kipya, wala bandia kwa jina la halisi. Mkikutwa na hayo, rudini kwanza kwa muuzaji mkiwa na risiti, boksi na kipuri chenyewe. Akikataa, andikeni malalamiko kwa Tume ya Ushindani, mkiambatisha nakala na kubaki na risiti halisi. Mlaji asiye na risiti ana neno lake tu. Mwenye risiti ana ushahidi.